Mkutano Arusha: ushukie KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) au Nairobi?

Wageni wanaoalikwa kwenye mikutano pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, huniuliza swali lilelile: nauli ya ndege hadi Nairobi mara nyingi ni nafuu, kwa nini nisishukie huko nimalizie kwa basi?

Waweza, ila piga hesabu yote. Nairobi hadi Arusha ni kama kilomita 270, na basi dogo hula saa tano au sita, foleni ya mpakani Namanga ikiwamo. Kuingia Kenya, wageni wengi hutakiwa kuomba idhini ya safari mtandaoni, utaratibu ulioanza Januari 2024. Bado viza ya Tanzania: dola 50 kwa wengi, 100 kwa Mmarekani. Ile viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda haikusaidii kitu, Tanzania haimo. Halafu ukitokea Kenya, uwe na cheti cha homa ya manjano mkononi, si ndani ya begi lililofungwa juu ya basi!

KIA je? Kilomita 50 hivi hadi mjini, viza moja, kwisha. Patana bei ya teksi kabla hujapanda.

Mimi nikiwa na mada ya kuwasilisha kesho yake asubuhi, ni KIA, sina mjadala. Mwenye siku mbili za ziada apite Namanga, mchana, aone nyanda za Wamaasai na mlima Longido. Wabadilisha fedha wa pale mpakani awapite tu.