Filamu za watu wenye nguvu za ajabu: umsikilize VJ au umzime? Uzoefu wangu hapa Busia

Mimi ni mkazi wa Busia, upande wa Uganda, na kwenye filamu ugonjwa wangu ni mmoja: watu wenye uwezo usio wa kawaida. Anayesogeza gari bila kuligusa, anayesikia mawazo ya mwenzake, asiyevunjika mfupa hata treni ikipinduka. Hapa kwetu unaweza kuzitazama kibandani, yaani kwenye ukumbi mdogo wa video, kwa shilingi 1,000, VJ (msimulizi wa filamu) akitafsiri kwa Kiganda, au nyumbani kwa flashi uliyojaziwa dukani. Na kwa kuwa mpaka ni pua na mdomo, zile za Kiswahili zinazosimuliwa na DJ Afro, msimulizi wa Kenya, nazo huvuka kutoka Kenya bila kuulizwa kitambulisho. Nimeonja zote. Msimamo wangu ni huu: nguvu inayoonekana kwa macho, mwachie VJ. Nguvu ambayo hata mwenyewe bado haiamini, tafuta nakala isiyo na msimulizi.

Kwa wasiowajua VJ wetu: sauti ya filamu inashushwa, yeye anazungumza juu yake. Hatafsiri neno kwa neno. Anaeleza, anatania, anampa mhusika jina la mtaani, na ukichelewa kuingia anakurudishia ulipopitwa.

Chronicle ya mwaka 2012 ndiyo iliyonifanya nimvulie kofia VJ. Vijana watatu wa shule huko Seattle (ingawa sehemu kubwa ilipigwa Cape Town, Afrika Kusini) wanaingia shimoni, wanakuta kitu kinachong'aa, na baada ya hapo wanasogeza vitu kwa akili. Wakizidisha, damu inawatoka puani. Filamu nzima imetengenezwa kana kwamba wanajipiga picha wenyewe, na mwenye kamera ni Andrew, kijana anayepigwa na baba yake na kuonewa shuleni. Mwanzoni picha inayumba ovyo. Kadiri nguvu zinavyomkolea Andrew, kamera inatulia, inapaa, inamzunguka kwa juu, na mikono yake haina kitu. Hakuna anayelisema hilo kwa sauti kubwa. VJ wa siku ile alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mnajua ni nani anayepiga picha hizi? Mtazameni mikono!" Ukumbi mzima ukaguna. Na pale dereva wa nyuma anapowapigia honi bila kukoma, Andrew akapunga mkono tu, gari likaenda kutumbukia majini, VJ alisema, "Barabara ni ya wote, baba, ungesubiri." Tulicheka, halafu kicheko kikatukwama, kwa sababu hapo ndipo kijana anapoanza kuharibika. Utani ule ulikaa mahali pake hasa.

Black Panther ya 2018 nayo inakwenda vizuri kibandani. Nguvu za T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, zinatoka kwenye mmea, anakunywa maji yake na kufukiwa mchangani ili akutane na baba yake aliyekufa. Jambo la namna hiyo halihitaji maelezo marefu kwa watu wa huku. Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, akitokea na mkuki wake kama Ayo, hata VJ hasikiki kwa kelele. Unachokosa ni Kixhosa ambacho Wakanda wanakizungumza kati yao. Kinafunikwa chote, nami napenda kukisikia.

Sasa Unbreakable ya mwaka 2000. Hapa nilitoka nimenuna. Bruce Willis ni David Dunn, mlinzi wa uwanja wa michezo Philadelphia, mtu pekee aliyetoka hai kwenye ajali ya treni, na hana hata mchubuko. Filamu haina haraka. Kuna mahali yuko chini ya nyumba ananyanyua vyuma, mwanawe ndiye anayeweka uzito. Anamwambia apunguze; mtoto anaongeza. Ananyanyua. Wanaongeza tena, vyuma vinaisha, wanaanza kuning'iniza makopo ya rangi. Baba na mwana wanatazamana, na kinachokutisha ni ule ukimya, maana wote wawili wanaelewa kitu ambacho hakuna anayethubutu kukitamka. VJ wangu (si yule wa Chronicle) aliujaza ukimya huo kwa habari za bei ya simenti. Jamani! Jirani yangu kwenye benchi alidhani ni filamu ya mazoezi. Simlaumu sana VJ, kazi yake ni kutoacha ukumbi usinzie, lakini filamu hii yote iko kwenye mashaka ya yule mtu, na mashaka hayatangazwi kama mpira.

Lucy ya 2014 ina tatizo jingine, nalo si la VJ peke yake. Filamu yenyewe inasema binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na Morgan Freeman anayatamka hayo kwa sauti ya profesa. Si kweli. Vipimo vya picha vinaonyesha karibu kila sehemu ya ubongo ina kazi. Kiungo hicho ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini kinakula takriban asilimia 20 ya nishati yake. Kibandani ilipokelewa kama habari ya redio, na kesho yake kijiweni vijana wa boda walikuwa wanapanga watafanya nini na asilimia 90 iliyobaki. Kwa burudani nzuri, Scarlett Johansson, anayeigiza Lucy mwenyewe, anatosha. Kwa sayansi, hapana.

Kuhusu huduma yenyewe: duka nililozoea hujaza flashi upesi, ila nakala za VJ mara nyingi zina sauti inayokwaruza na muziki wa filamu umemezwa kabisa. Kagua palepale kabla hujalipa, tena kagua dakika za mwisho, kwa sababu kuna faili zinazokatika steringi akiwa bado hewani. Haki za wenye filamu, hilo sote tunajua halipo hapo, tusidanganyane.

Ukiwa na mtoto nyumbani, tafuta Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, 2018. Jo ni binti mgonjwa sana anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu, na kijiji kizima kinaungana kumfanya aamini anazo. Humo ndani wanazungumza Kiswahili na Kikuyu, kwa hiyo hapa mpakani tunaielewa bila mkalimani. Muuzaji akikupa iliyotiwa sauti ya mtu juu yake, mrudishie. Chronicle chukua zote mbili, ya VJ na isiyo na VJ, uanze na ya VJ.