Upasuaji wa retina: jicho wamenirudishia, lakini yule nesi!

Nilitaka nianze na daktari, ila hasira inanipeleka kwa nesi.

Upasuaji wenyewe haukuwa na neno. Sindano ya ganzi kando ya jicho, uso ukafunikwa, nikawa nasikia kila kitu huku mianga inacheza kama nimezama majini. Wakanyonya ute wa ndani ya jicho uliokuwa unaivuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, wakachoma kingo za tundu kwa leza, wakajaza gesi iigandamize retina mpaka ishike. Maumivu? Kidogo sana.

Kuruhusiwa sasa. Nesi ananipa matone na karatasi huku anapiga soga na mwenzake. "Mama, siku saba lala kifudifudi." Nikauliza, sista, kula je? Shingo je? Akajibu bila kunitazama: "Wenzako wanaweza."

Wenzangu gani hao? Siku saba uso chini, usiku na mchana, mate yanadondoka, shingo imekuwa gogo! Na sababu yake hata mtoto angeielewa: gesi hupanda juu, kwa hiyo ukiinama ndipo kiputo kinakandamiza pale palipochanika. Sentensi moja tu. Nilikuja kuisikia kwa daktari, wiki imeshakwisha.

Hakuniambia pia kwamba gesi ikianza kupungua utaona mstari unacheza kama maji kwenye glasi. Mimi usiku ule nililia, nikijua retina imebanduka tena. Na ndege! Nilikuwa na safari. Ukipanda ndege na gesi jichoni, inatanuka, jicho linaweza kupofuka. Kwenye karatasi hakuna hata herufi moja ya hilo. Ningepanda!

Nilikuwa nimeapa kumwambia kila mtu asikanyage pale. Lakini juzi nimefunika jicho zima nikasoma kwa hili bovu, herufi zimepinda kidogo, nikasoma ukurasa wote. Sasa niseme nini? Nendeni. Tena ukiona vimulimuli pembeni, vidoa vyeusi vinaelea, kivuli kinashuka kama pazia, nenda leoleo, usingoje kesho.

Daktari ananiambia baada ya upasuaji huu mtoto wa jicho huwa hakawii, kwa hiyo nitarudi mlango uleule. Safari hii maswali nimeyaandika, na siondoki mbele ya yule nesi mpaka anitazame.