Ile DAC niliyouziwa Digo Road, na maneno yaliyokuja nayo

Niseme mapema: kisanduku chenyewe, hiki cha nje kinachogeuza sauti ya kompyuta kutoka namba kuwa umeme wa kwenda kwenye ampu, sina neno nacho. Au ninalo, lakini dogo. Aliyenichoma ni muuzaji.

Kompyuta yangu ndiyo redio yangu. Kaseti za marehemu babangu, nyingi zikiwa za taarabu, za mpigaji udi Zein l'Abdin, nilizihamishia zote humo kabla ukungu haujazimaliza, maana unyevu wetu huku Kibokoni, Mombasa, hauna huruma na utepe. Shida ni kuwa nikitoa waya tundu la hedifoni kwenda kwenye ampu, yaani kikuza sauti, nilikuwa napata kelele mbili. Ya kwanza ni chiriri nyembamba: nikisogeza kipanya inalia, nikifungua faili inalia. Hiyo inatoka ndani ya mashine, sehemu ya sauti imebanana na kila kitu kwenye bodi moja na kila kinachofanya kazi kinamwaga uchafu wake humo. Ya pili ni mvumo mzito, mmmm, usiokatika, kama friji ya jirani. Mchakacho wa kaseti siuhesabu. Huo nimekua nao.

Basi kabla ya Ramadhani nikaingia duka moja Digo Road. Kijana akanitolea DAC ya USB, kadude kadogo kuliko kiberiti, akaniapia: “Mzee, ukiweka hii kelele zote kwisha. Zote.” Elfu sita na ushei. Sikubishana, na mimi hubishana hata bei ya mahamri.

Kufika nyumbani, chiriri haipo! Wallahi nilikaa kitako. Nilisikia uzi unavyoguswa kabla haujalia, kitu ambacho kwa miaka yote sikuwahi kukisikia kwenye mashine ile. Siku hiyo ningeulizwa ningetoa nyota tano na dua juu yake.

Lakini wimbo ulipokwisha, mmmm. Upo pale pale.

Nikadhani ni Windows. Nikaitoa kwenye sampuli 48000 za sauti kwa sekunde nikaiweka 44100, kwa kuwa mafaili yangu ndivyo nilivyoyarekodi. Nikaweka foobar2000, programu ya kuchezea muziki, na ile njia ya WASAPI ya kukihodhi kifaa, ili mfumo usiichezee sauti njiani. Sauti ya kompyuta nikaifungua yote, nikawa napunguzia kwenye ampu. Ni mambo mazuri, yafanyeni. Mvumo haukujali hata moja.

Nikakirudisha dukani. Kijana hakuinua uso kwenye simu yake. Nikamweleza kwa utaratibu, na risiti mkononi. Akanijibu, “Mzee, kitu ni kizima hicho. Labda masikio.”

Labda masikio! Mbele ya mama mmoja na mwanawe, na yule mtoto akacheka. Nilitoka pale nikavuka barabara sitazami, tuktuk nusura inichukue. Usiku ule niliiandika hii tathmini mara ya kwanza, nyota moja, na maneno ambayo mke wangu aliyasoma akaniambia nifute.

Nilifuta. Kesho yake nikaenda kwa fundi wa redio Mwembe Tayari, mtu wa makamo yangu. Hakukifungua hata kisanduku. Akaniuliza, “Yakhe, inavuma ikiwa kwenye chaja, au hata bila chaja?” Sikujua. “Basi nenda kachomoe.”

Nikachomoa. Kimya, kama imezimwa.

Nilirudi kumuuliza sababu. Chaja yangu ina pini tatu, ampu ina pini tatu. Nyaya zao za eathi, zile za usalama zinazoishia ardhini, zinakutana ukutani, kisha zinakutana tena kupitia waya wa USB na waya wa sauti, ikawa duara. Umeme wetu ni wa 50 Hz, mitetemo hamsini kwa sekunde, unazunguka kwenye duara lile, na ampu inauimba. DAC ya kawaida haiwezi kuuzuia, kwa sababu yenyewe ni kipande cha duara. Kuna wanaokata pini ya eathi, akasema, na wengine wao hatuonani nao tena.

Kwa hiyo kisanduku hakikuwa na kosa, na nilikionea. Nyota nne. Lakini betri ya laptopu yangu ni nzee, dakika arubaini hivi imekufa, hata upande mmoja wa kaseti haimalizi vizuri. Dawa, fundi akanambia, ni kijidude chenye transfoma ndogo ndani, unakipachika kati ya DAC na ampu: muziki unapita, duara linakatika. Nikamuuliza kinauzwa wapi. Akanitajia duka lile lile. Nikakumbuka nimeviona! Vinaning'inia ukutani nyuma ya kichwa cha yule kijana, shilingi mia nane.

Hapo nikataka kumsamehe. Nikajiambia labda ni mgeni wa kazi, kawekwa pale na mjomba wake, hajui anachokiuza. Sikutaka kwenda mwenyewe, nikamtuma mpwa wangu.

Karudi nacho, kinafanya kazi, mvumo umekwisha, chaja iko ukutani na udi unalia mpaka alfajiri. Nikamuuliza mpwa wangu yule kijana kamwambia nini. “Hakusema kitu, mjomba. Kauliza tu kama ni ya DAC na laptopu. Akasema, bila hii, ukiwa kwenye chaja, lazima ivume.”

Nyota moja.