Kisu cha supringi, miaka miwili: Ngosi, Rungwe na Kitulo

Kabla ya hiki nilikuwa na kisu cha kukunja, na kilinikata. Tulikuwa tunashuka kutoka Ziwa Ngosi, mvua imetunyeshea, njia utelezi mtupu. Nikasimama kukata kamba iliyokaza kwenye begi la shemeji. Tope lilikuwa limeingia kwenye komeo la kile kisu na mimi sikuliona. Nilipokandamiza, bapa likarudi na kukutana na kidole cha shahada. Nilifika barabarani nimefunga kidole kwa kitambaa cha kichwa cha dada yangu.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja anayefua visu na miundu kwa supringi za magari makuukuu. Hakuniuliza nataka kisu cha namna gani, aliniuliza nitakata nini. Nikajibu kwa tamaa: kila kitu. Akacheka. "Mwanangu, kisu cha kukata kila kitu ni panga." Sikusikia. Nikang'ang'ania bapa la inchi saba, unene karibu milimita tano, nikalipa shilingi 15,000 na kuondoka nimevimba kichwa.

Chuma chenyewe sina ugomvi nacho. Ni kipande kimoja kutoka nchani hadi mwisho wa mpini, na mbao mbili za mninga zimebanwa pembeni kwa riveti, hivyo hakuna mahali pa kuchomoka. Mwezi wa saba tulilala Hifadhi ya Kitulo. Kule ni zaidi ya mita 2,600 na asubuhi tulikuta barafu nyembamba juu ya hema. Kuni za hifadhini haziguswi, kwa hiyo tulikuwa tumenunua za mlingoti Matamba, mbichi kidogo na nene. Nilisimamisha kipande, nikaweka makali juu yake, nikagonga mgongo wa kisu kwa gogo hadi kikapasuka, na sehemu ya katikati ilikuwa kavu. Kisu cha kukunja ukikifanyia hivyo kinakufa siku hiyohiyo. Getini askari alikitazama kisu, akatuuliza kwa utani kama tumekuja kuchimba chikanda. Tukacheka, ila nilielewa kwa nini anauliza: chikanda ni mizizi ya maua ya okidi ya kule, na imechimbwa mno kupelekwa kuliwa Zambia.

Shida ilianza jikoni. Jaribu kumenya viazi vya watu sita kwa bapa la inchi saba. Unashika mbali, makali ni manene, ganda linatoka na nusu ya kiazi. Rafiki yangu alikuwa na Mora, chapa ya visu ya Sweden, ile aina ya Companion, bapa kama sentimita kumi na unene milimita mbili na nusu tu. Alimaliza sahani yake mimi niko kiazi cha tatu. Yake inanoleka kirahisi pia, kwa sababu makali yameinama kwa mteremko mmoja mpana. Unaulaza mteremko wote juu ya jiwe na unajua uko sawa. Yangu lazima nikisie pembe. Ila kwa kuni zile za mlingoti aliazima changu.

Halafu kutu. Supringi si chuma cha pua. Ukikata parachichi au ndizi mbichi za Tukuyu, bapa linageuka jeusi. Hilo halina neno, ni rangi tu. Kutu nyekundu ndiyo adui, na upande wa Rungwe, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, usiku mmoja unatosha. Nafuta, nakausha, napaka mafuta ya alizeti kidogo. Siku nikisahau, asubuhi nina kazi ya msasa.

Lakini kitu ambacho ningekitazama kwanza, kama ningeanza upya, ni ala, yaani mfuko wa kukihifadhi kisu. Mimi niliipa dakika mbili. Nilimpelekea fundi viatu mmoja, akanishonea ngozi mbili, uzi pembeni, kwisha. Hakuweka kipande cha ngozi katikati ya mshono, mahali makali yanapopita, na mimi sikujua kuwa kinatakiwa. Baada ya safari tatu makali yalikuwa yamekula uzi. Kwenye mlima Rungwe, msituni, nilisikia kitu kikigonga mzizi nyuma yangu: kisu. Mtu aliyenifuata alikuwa hatua mbili tu. Isitoshe ngozi ilikuwa imelowa tangu asubuhi, ni kama nilikuwa nimekihifadhi kisu ndani ya sifongo ya maji!

Sasa natumia ala ya bomba la maji. Unachukua kipande cha bomba la plastiki, unakilainisha juu ya jiko (fanya nje, moshi wake mbaya), unakibana na mbao mbili juu ya kisu kilichofungwa gazeti, unasubiri kipoe. Toboa tundu chini ili maji yatoke. Sura yake mbaya, lakini nikigeuza juu chini na kutikisa, kisu hakitoki. Mimi kipimo changu ni hicho.

Kuhusu kubeba: kiunoni hapana, angalau mpaka nifike kambini. Mkanda wa begi unagombana na mpini, na ukikivaa mbele ya paja ukateleza, kule ndiko uliko mshipa mkubwa wa damu. Kinakaa juu kabisa ndani ya begi. Kwenye basi kinakwenda kwenye buti na begi lake, wala sikitoi stendi kumwonyesha mtu.

Wiki iliyopita nimerudi kwa yule mzee na kipande kingine cha supringi. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Viazi?" Nikamwambia ndiyo, inchi nne, na chembamba.