Jicho la plastiki la maabara: sehemu zote zipo, kuona hakupo

Ukiingia duka lolote la vifaa vya maabara katikati ya Nairobi, halikosi rafuni: jicho la plastiki juu ya kikalio cheusi, limekuzwa mara 6. Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, kwa hiyo mfano huu unapaswa kukaribia sentimita 14 na nusu. Nenda na rula. Ukiuziwa wa sentimita 10, wanafunzi wa nyuma watatazama mpira mweupe tu.

Kwa majina ya sehemu, haukosi kitu. Nusu ya juu inavuliwa, ndani unakuta koroidi (tabaka la mishipa ya damu) na retina (utando unaopokea picha), uteute unaojaza jicho, hapa wa plastiki angavu, lenzi, na mbele irisi (sehemu yenye rangi) na konea (dirisha angavu la mbele). Misuli 6 inayozungusha jicho imeonyeshwa pale inaposhikana na sklera, ukuta mweupe wa nje. Namba za sehemu hubanduka upesi. Zipake rangi ya kucha isiyo na rangi siku ileile ya kununua.

Kabla ya kulipa, fungua uangalie inapotokea neva ya optiki, ile inayopeleka picha kwenye ubongo. Mahali hapo, yaani doa pofu, panatakiwa pawe upande wa pua kutoka kwenye fovea (kitone cha retina kinachoona vizuri zaidi), sentimita 2 au zaidi kidogo kwa ukubwa huu. Ukikuta neva imetokea katikati kabisa, rudisha rafuni, maana jaribio rahisi kuliko yote halitaelezeka. Chora msalaba kushoto na nukta kulia, sentimita 8 kati yake. Mwanafunzi afunge jicho la kushoto, akazie msalaba kwa la kulia, kisha asogeze karatasi polepole. Ikifika kama sentimita 30 kutoka jichoni, nukta inatoweka. Iko upande wa sikio, lakini picha yake imeangukia upande wa pua, mahali penye neva pasipo na seli za kuonea.

Angalia pia lenzi. Mgongo wake wa nyuma umebinuka kuliko wa mbele, na kama haina kishikizo cha kuielekeza, itarudishwa kinyume na hakuna atakayegundua hadi muhula uishe. Alama ya kalamu ya wino mzito upande wa mbele inatosha.

Tatizo kubwa haliwezi kurekebishwa kwa kalamu. Lenzi hii ni ngumu kama kifungo, ilhali kazi yake yote ni kubadilika umbo. Ndiyo maana wanafunzi huandika kwenye mtihani kwamba misuli ya siliari, inayoizunguka lenzi, ikikaza huivuta lenzi ikawa nyembamba. Ni kinyume chake. Misuli hiyo ni pete: ikikaza, pete inapungua, kano zinazoishika lenzi zinalegea, na lenzi inavimba ili ione karibu. Wapange wanafunzi 8 kwenye duara, kila mmoja ashike uzi uliofungwa kwenye ukingo wa sponji laini. Wakirudi nyuma, sponji inatanuka. Wakisogea ndani, inajikunja yenyewe. Dakika 5, na hakuna plastiki itakayofanya hivyo.

Konea nayo imefanywa kama kifuniko cha kioo cha saa. Mtoto ataondoka akiamini lenzi ndiyo inayopinda mwanga wote, wakati takriban theluthi mbili ya kazi hiyo ni ya konea. Wala mfano hautoi picha. Ongeza kioo cha kukuzia chenye umbali wa fokasi wa sentimita 10: kielekeze dirishani (kamwe si kwenye jua), weka karatasi nyeupe nyuma yake, na majengo ya ng'ambo yatatokea juu chini.

Tungeununua? Ndiyo, mmoja kwa darasa, si mmoja kwa kila meza. Pesa inayobaki ipelekwe Kiamaiko, kwa wachinjaji wa mbuzi wa Nairobi, kununua macho ya mbuzi waliochinjwa asubuhi ileile. Yasigandishwe kwenye friza, lenzi itakuwa nyeupe. Ondoa mafuta, toboa sklera kwa ncha ya wembe, kisha zungusha mkasi katikati. Ni ngumu na inateleza, na maji huruka, kwa hiyo glavu na miwani si hiari. Uteute hutoka kama ute wa yai. Lenzi ikiwekwa juu ya gazeti, herufi zinakua. Retina ni utando mwembamba unaojikunja wote, ukabaki umeshikwa pale pale kwenye neva.

Waambie mapema kwamba mboni ya mbuzi ni ufa wa kulala, na kwamba ule mng'ao wa bluu na kijani nyuma ya retina binadamu hana. Ndio unaowaka usiku taa za matatu zinapommulika mbuzi kando ya barabara.