Chupa ya chai kutoka kwa wazazi wa darasa la tatu

Kabatini nina vikombe 11 vilivyoandikwa "Mwalimu Bora". Cha 12 sikitaki, jamani. Safari hii, Siku ya Walimu, tarehe 5 Oktoba, wazazi walichangishana wakaniletea chupa ya chai ya chuma, ya lita moja. Hapo wamenikuna panaponiwasha! Naijaza saa kumi na moja alfajiri; saa nne, watoto wakitoka mapumziko, chai ya tangawizi bado inaunguza ulimi. Imeshaanguka sakafuni mara mbili, ikabonyea tu. Ile yangu ya zamani yenye kioo ndani ilipasuka siku ya kwanza. Kasoro yake kifuniko: ukiilaza mkobani inavuja, na madaftari ya hesabu yameshaonja chai. Mwenye bajeti ndogo alete kalamu nyekundu. Zangu huisha kabla ya muhula.