Huduma ya kusoma miswada: maoni ya pambizoni yamenifaa, barua ya mwisho bado

Nilipeleka mswada wa hadithi yangu ndefu, wenye kurasa 180, kwa huduma ya wahariri wanaosoma kazi za waandishi wapya, nikarudishiwa baada ya wiki 6 ukiwa na maandishi ya penseli karibu kila ukurasa, pamoja na barua fupi ya maoni ya jumla. Muda huo niliuona wa haki kwa kazi iliyosomwa kwa makini kiasi kile.

Maoni ya pambizoni ndiyo yaliyonirudisha mezani. Katika sura ya pili, pale mama anapopokea habari za msiba, mhariri alipiga mstari chini ya sentensi tatu nilizotumia kueleza huzuni yake, kisha akaandika: "Mikono yake inayoendelea kukunja nguo imekwisha kusema haya. Je, sentensi hizi bado zinahitajika?" Hakuniambia kwamba mimi ni mwandishi wa maneno mengi, ingawa ni kweli, alinionyesha mahali, akanieleza alivyoisoma yeye, akaniachia uamuzi. Nilizifuta usiku uleule, na kabla ya kulala nilikuwa nimegundua sehemu nyingine nne zenye kasoro hiyohiyo ambazo yeye hakuzigusa. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu maoni ambayo watu hupewa juu ya kazi zao, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo maoni yalishusha utendaji badala ya kuuinua, na wakaeleza kuwa hali huwa hivyo zaidi pale mawazo ya mtu yanapotolewa kwenye kazi na kuelekezwa kwenye nafsi yake. Penseli ile haikutoka kwenye kazi hata mara moja.

Barua ndiyo ninayoomba iboreshwe. Inasema kwamba nina kipaji, kwamba lugha yangu inavutia, na kwamba "mwisho unahitaji kazi zaidi". Nilifurahi, lakini sikujua ni aya ipi iliyomvutia ili niilinde nitakapoandika upya, wala sikujua kama mwisho umekwenda mbio mno au kama uamuzi wa mhusika mkuu hauaminiki. Nadhani mhariri alichelea kuniumiza, maana kurasa 20 za mwisho ndizo zenye maandishi machache kuliko zote. Namwomba kwa heshima asichelee, kwa kuwa katika kurasa zote zilizotangulia alinionyesha makosa yangu waziwazi na sikuvunjika moyo. Swali moja tu juu ya mwisho, lililoulizwa kama lile la mikono ya mama, lingenitosha.

Mswada unaofuata nitaupeleka hukohuko, na nimeomba usomwe na mhariri huyohuyo.